Vijumba vya wanafunzi Kalemie: unafuu hautoki kwenye udogo

Mzazi aliyeko Kiambi, kando ya mto Luvua, akitaka kumpeleka mtoto wake chuo kikuu mjini Kalemie, mkoani Tanganyika nchini Kongo, ana hesabu mbili za kupiga. Ya kwanza ni ada, ambayo chuo huitangaza na kila mtu huijua. Ya pili ni mahali pa kulala, na hiyo haina tangazo: inategemea mwenye nyumba, mtaa, msimu na bahati. Ndiyo maana picha za vijumba vya mita chache za mraba, zinazozunguka kwenye simu kutoka Marekani, Uswidi na Uholanzi, zinapokewa kwa hamu. Ikiwa mwanafunzi wa Ulaya anaweza kuishi ndani ya mita 10 za mraba na kodi ikapungua, kwa nini yule wa Tanganyika asiweze?

Swali hilo ni la haki, ila majibu yake yamevurugika. Wapo wanaosema kijumba ni nafuu kwa sababu ni kidogo. Wanaowapinga wanakiona kama kibanda cha mkimbizi kilichopakwa rangi. Wapo wanaotaka makontena ya meli. Wengine wanataka chuo kijenge mabweni na mjadala ufungwe, na wengine wanaamini soko la vyumba vya kupanga litajirekebisha lenyewe. Uchambuzi huu unapima misimamo hiyo mmoja mmoja. Hoja yake ni kwamba udogo wa nyumba ukiwa peke yake hauleti unafuu mkubwa. Unafuu unatokana na vitu vinavyogawanwa: ukuta, paa, choo, maji, ardhi na mzigo wa malipo ya mwanzo. Kijumba kinachogawana hivyo vyote ni jibu zuri kwa Kalemie. Kisichogawana ni nyumba ya gharama iliyokosa nafasi.

Vitu vinne chini ya jina moja

Sehemu ya mvurugano inatokana na kuchanganya majengo yasiyofanana.

Cha kwanza ni kijumba cha magurudumu cha Marekani. Kanuni za mfano za ujenzi za huko za mwaka 2018 zinakielezea kijumba kuwa nyumba isiyozidi futi za mraba 400, yaani takribani mita 37 za mraba. Kwa Kalemie, ukubwa huo unatosha familia nzima. Magurudumu nayo yana kazi yake maalum: yanamsaidia mwenye nyumba kukwepa masharti ya mipango miji na bei ya kiwanja. Pale ambapo barabara yenyewe hukatika masika, hayana maana.

Cha pili ni chumba cha Lund, Uswidi. Mwaka 2013 wasanifu wa Tengbom, wakishirikiana na shirika la makazi ya wanafunzi AF Bostäder, walionyesha kijumba cha mbao cha mita 10 za mraba chenye jiko, choo na kitanda cha juu, wakikadiria kwamba kodi ingeshuka kwa nusu. Makadirio hayo yana mazingira yake. Uswidi kila mita ya mraba hulipiwa mbao, vifaa vya kuzuia baridi na joto la miezi mingi, na bomba la maji taka lipo tayari mlangoni.

Cha tatu ni kontena la meli lililogeuzwa chumba. Amsterdam ilijenga Keetwonen, kijiji cha makontena yapatayo 1,000 kilichoanza kukaliwa katikati ya miaka ya 2000. Le Havre, Ufaransa, ilifungua jengo la vyumba 100 vya makontena mwaka 2010. Johannesburg nayo, mwaka 2014, iliweka makontena juu ya maghala ya zamani ya nafaka ikapata Mill Junction.

Cha nne ni chumba kimoja cha matofali ndani ya ua wa mtu, chenye mlango wake na bati lake. Hiki hakijatoka mbali: Kalemie inacho tangu zamani. Anayezungumzia vijumba vya wanafunzi mjini hapo anazungumzia, kwa kweli, namna ya kukiboresha hiki cha nne. Mjadala ukianzia hapo, nusu ya ubishi huisha.

Kwa nini vyumba vimekuwa haba

Kiambi iko katika eneo la Manono, takribani kilomita 200 kutoka Kalemie ukipima moja kwa moja kwenye ramani, na barabara ni ndefu kuliko hapo. Kuanzia Kiambi, Luvua hupitika kwa vyombo hadi Ankoro, inapokutana na Lualaba. Juu ya Kiambi kuna maporomoko. Mto haumfikishi Kalemie, kwa hiyo mwanafunzi wa Kiambi hawezi kwenda na kurudi. Akifika Kalemie ni lazima akae, na masomo ya mfumo wa LMD ni miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta.

Mji anaofikia umebanwa na mambo manne.

La kwanza ni jinsi vyuo vilivyozaliwa. Chuo cha Lovanium cha Kinshasa, kilichofunguliwa mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville (Lubumbashi ya sasa), kilichofuata mwaka 1956, vilipangwa kama miji midogo yenye makazi ya wanafunzi ndani yake. Vyuo vilivyokuja baadaye katika mikoa vilianza kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Kalemie kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tawi huanza na madarasa na walimu. Vitanda huachiwa mji.

La pili ni kupanda kwa hadhi ya mji. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa, na Kalemie ikawa makao makuu ya mkoa wa Tanganyika. Ofisi za serikali na mashirika ya misaada yalihitaji nyumba, na mfanyakazi mwenye mshahara hushindana na mwanafunzi kwenye kiwanja kilekile.

La tatu ni vita na maji. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyozidi tangu mwaka 2016, yalihamisha mamia ya maelfu ya watu, na wengi wao walikusanyika pembezoni mwa Kalemie. Kisha ziwa Tanganyika likapanda. Mafuriko ya miaka ya 2020 na 2021, na tena yale ya 2024, yaliingia kwenye nyumba na shughuli za ukingoni. Kila nyumba iliyomezwa na maji huongeza mpangaji mmoja kwenye mitaa ya juu.

La nne bado linakuja. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya shule za umma nchini Kongo hutolewa bila ada. Watoto walioingia wakati huo wanasogea sekondari, na sehemu yao watabisha hodi vyuoni. Huenda uhaba wa vyumba wa leo ukawa mdogo kuliko ule wa mwaka 2032.

Msimamo wa kwanza: kijumba kinachosimama peke yake

Wanaopendekeza kijumba cha mtu mmoja kilichojitenga wana hoja nzito, na zinastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa.

Kwanza, hujengwa kidogo kidogo. Bweni linahitaji fedha zote kwa mkupuo. Kijumba kimoja kinaweza kusimama mwaka huu na cha pili mwaka ujao, jambo linaloendana na namna watu wengi wa Tanganyika wanavyojenga: matofali yakipatikana leo, bati kesho.

Pili, fundi wa mtaani anakiweza. Udongo upo. Mashine ya mkono ya kushindilia matofali, iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950 na ambayo sasa ina aina nyingi Afrika Mashariki, hutumia udongo uliochanganywa na saruji ya asilimia 5 hadi 10 hivi, bila kuchoma. Hilo linaokoa kuni, na kuokoa kuni ni kuokoa misitu ya miombo, kwa kuwa matofali ya kuchoma ya Katanga hula miti mingi. Saruji nayo haihitaji kutoka mbali sana kila mara: kusini mwa Kalemie, kando ya ziwa, kuna kiwanda cha Kabimba.

Tatu, jengo fupi na jepesi lina nafuu wakati wa tetemeko. Kalemie iko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya ziwa na kuangusha nyumba mjini. Chumba kisicho na ghorofa, chenye paa la bati na linta iliyozunguka kuta zote ni salama zaidi kuliko ghorofa iliyojengwa kwa haraka na kwa nondo chache.

Nne, kuna faragha. Binti anayeishi peke yake mjini kwa mara ya kwanza anahitaji mlango unaofungwa kwa ndani na meza ya kusomea isiyo njia ya kupita wengine.

Udhaifu wake unaonekana mtu anapoanza kununua vifaa. Kijumba kilichojitenga kinahitaji kuta nne zake, msingi wake wote, paa lake linalotokeza pande zote, na mfereji wake wa maji ya mvua. Kikipewa na choo chake, shimo moja linahudumia mtu mmoja. Kinakula ardhi, kwa sababu kati ya kijumba na kijumba lazima iwepo njia. Na usiku, vijumba vilivyotawanyika vinahitaji taa na ulinzi zaidi kuliko vyumba vilivyokaa pamoja.

Kuna pia jeraha la kumbukumbu. Katika mji uliozungukwa na kambi za waliokimbia mapigano, nyumba ndogo iliyopangwa kwa mistari inakumbusha hifadhi ya dharura. Pingamizi hilo lisipuuzwe. Makazi ya muda yana tabia ya kukaa kuliko yalivyokusudiwa: hata Keetwonen ilipangiwa miaka mitano ikakaa zaidi. Anayejenga vijumba Kalemie ajenge kama vitakaliwa kizazi kizima.

Msimamo wa pili: makontena

Kontena la futi 20 lina takribani mita 14 za mraba kwa ndani, na linaonekana kama nyumba iliyokwisha jengwa. Mvuto wake ni kasi: likifika, unakata dirisha na mlango, unaingia.

Kwa Kalemie tatizo liko kwenye neno hilo, "likifika". Mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam hupitia Kigoma na kuvuka ziwa, na unahitaji vifaa vya kunyanyua upande wa pili. Likishawekwa, chuma hushika joto la jua mchana kutwa. Ulaya kontena huvikwa tabaka la kuzuia baridi na joto. Bila tabaka hilo chumba huwa tanuri saa nane mchana, na likiwekwa gharama hupanda. Unyevu wa ziwa huleta kutu. Mafundi wanaojua kuchomelea na kuzuia joto ni wachache kuliko wajenzi wa matofali, na fedha nyingi hutoka nje ya mkoa badala ya kumlipa fundi wa Kalemie. Kontena linafaa kama ghala au ofisi ya muda. Kama jibu la makazi ya wanafunzi, linashindwa kwa gharama na kwa joto.

Msimamo wa tatu: mabweni ya chuo

Hoja ya mabweni ina ushahidi karibu na nyumbani. Aprili 2017 Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, alizindua hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi bilioni 10. Ukigawanya, ni kama shilingi milioni 2.6 kwa kila kitanda. Kiwango hicho ni vigumu kukishinda kwa kijumba cha mtu mmoja. Siri yake haikuwa fundi mwenye miujiza. Ardhi ilikuwa ya chuo tayari, mjenzi alikuwa Wakala wa Majengo wa serikali yenyewe, na kila ukuta, ngazi na bomba lilihudumia watu wengi.

Mfano huohuo unaonyesha na upande wa pili. Desemba mwaka huo picha za nyufa kwenye majengo hayo zilizua mjadala mkubwa, na Wakala ukaeleza kuwa ni nafasi zilizoachwa makusudi ili jengo litanuke. Bila kujali nani alikuwa sahihi, somo ni hili: jengo kubwa likitiliwa shaka, maelfu wanatiliwa shaka kwa pamoja.

Kinshasa inafundisha zaidi. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Kinshasa yamejulikana kwa miaka mingi kwa msongamano, ambapo mwanafunzi aliyepewa chumba huwahifadhi wenzake wasioandikishwa, wale wanaoitwa maquisards. Na Januari 2020, baada ya ghasia za kupinga nyongeza ya ada, serikali iliamuru wanafunzi waondoke chuoni. Kwa aliye na ndugu mjini hilo ni usumbufu. Kwa aliyetoka mahali kama Kiambi ni kutupwa njiani. Bweni huweka kitanda, nidhamu na siasa chini ya ufunguo mmoja.

Kwa hiyo bweni ni nafuu kwa kila kitanda, lakini linadai fedha nyingi mwanzoni, matunzo ya kila mwaka na serikali inayolipa kwa wakati. Chuo changa cha mkoani kinaweza kulisubiri kwa miaka mingi, na wanafunzi wa sasa watahitimu kabla halijaezekwa.

Msimamo wa nne: soko la vyumba vya kupanga

Wanaotetea soko wanasema kweli moja: ndilo linalowalaza wanafunzi wengi leo. Mjane mwenye ua anaongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, anapata kipato, na mwanafunzi anapata mama wa kumjulia hali. Fedha inabaki mtaani. Hakuna mpango wa serikali unaoweza kwenda kwa kasi hiyo.

Soko lililopangika vizuri linaweza hata kujenga kwa wingi. Nairobi, kampuni ya Acorn iliuza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 za Kenya mwaka 2019 ili kujenga hosteli za wanafunzi, na Januari 2020 hati hiyo ikaorodheshwa Nairobi na London. Lakini mtaji wa aina hiyo hufuata kodi itakayolipwa bila kukatika. Mpangaji wake ni mtoto wa familia yenye mshahara. Mkulima wa muhogo wa Luvua hayumo kwenye hesabu hiyo.

Udhaifu mkubwa wa soko la Kalemie uko kwenye garanti. Mwenye chumba hudai malipo ya miezi kadhaa kabla ya kukabidhi ufunguo. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji iliweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba za kuishi, lakini mwanafunzi mgeni, peke yake mbele ya mwenye nyumba, hana nguvu ya kuisimamia sheria hiyo. Udhaifu wa pili ni choo na maji, ambavyo mwenye nyumba huvijenga mwisho, au haviongezi hata vyumba vikiongezeka.

Hesabu ya kuta

Sasa tupime. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3, yaani mita 9 za mraba, na wanafunzi wanne wenye chumba kila mmoja.

Vyumba vinne vikijengwa mbalimbali, kila kimoja kina mita 12 za ukuta. Jumla ni mita 48. Vikijengwa kwa safu moja, ukuta wa nje ni mita 30 na kuta tatu za katikati ni mita 9; jumla 39. Vikijengwa viwili kwa viwili, mgongo kwa mgongo, ukuta wa nje ni mita 24 na wa ndani mita 12; jumla 36. Robo nzima ya ukuta imeokolewa, pamoja na msingi wake na linta yake, bila kumnyang'anya mwanafunzi hata sentimita moja.

Bati nalo linafuata. Paa likitokeza nje ya ukuta kwa nusu mita kila upande, mapaa manne ya mbalimbali yanafunika mita 64 za mraba. Paa moja la safu linafunika 52, na la viwili kwa viwili 49.

Mpango wa viwili kwa viwili una gharama yake isiyo ya fedha. Kila chumba kina kuta mbili tu zinazogusa nje, kwa hiyo upepo hauwezi kupita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Kalemie yenye joto na unyevu, hilo si dogo. Safu moja inaruhusu dirisha mbele na tundu nyuma, na hewa hutembea. Kuta za pamoja pia hupitisha sauti, na anayejiandaa kwa mtihani huusikia muziki wa jirani. Safu, basi, ni njia ya kati: inaokoa robo tatu ya ukuta na asilimia 80 ya bati vinavyookolewa na mpango wa viwili kwa viwili, na inabakiza upepo. Kwa mji huu, safu fupi za vyumba vinne ndizo zenye uzani mzuri zaidi.

Udogo wenyewe una mwisho wake. Katika mita 9 za mraba, kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita kinachukua karibu mita 2 za mraba. Meza na kiti vinachukua moja. Gunia la unga wa muhogo kutoka nyumbani, ndoo mbili za maji na sanduku la nguo vinachukua nyingine moja, na mlango unaofunguka kwa ndani unazuia karibu moja tena. Kinachobaki ni nafasi ya kusimama, kuvaa na kumkaribisha mgeni mmoja. Wakiwa wawili, kila mtu anapata mita 4.5, juu kidogo tu ya mita 3.5 ambazo mwongozo wa kimataifa wa Sphere unaziweka kama kima cha chini katika dharura, bila kuhesabu jiko na bafu. Chini ya mita 9 unaokoa matofali machache na kupoteza meza ya kusomea, na bila meza chumba cha mwanafunzi hakina kazi.

Jiko litoke nje. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kidogo kilichofungwa huua kwa hewa yake yenye sumu isiyo na harufu. Baraza ya pamoja yenye mafiga manne na paa ni nafuu kuliko majiko manne, na ni salama.

Ziwa, kipindupindu na ardhi

Kalemie ni miongoni mwa miji ya Kongo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Hapa ndipo mipango mingi ya vijumba inapoharibika: fedha huishia kwenye chumba na choo huachwa kuwa cha baadaye. Sphere inakubali choo kimoja kwa watu wasiozidi 20 katika dharura. Mwanafunzi anayekaa miaka mitano hayuko kwenye dharura. Choo kimoja kwa watu wanne hadi wanane ni lengo linalofikika pale vyumba vinapokaa pamoja. Tangi la kuvuna maji ya mvua nalo ni rahisi kulijaza kwa paa moja refu kuliko kwa mapaa manne mafupi.

Mahali pa kujenga pana uzito kuliko umbo. Mto Lukuga, unaotoka ziwani hapo hapo Kalemie, ndio mlango pekee wa maji ya Tanganyika kutoka. Maji yakizidi kile Lukuga inachoweza kupitisha, ukingo hulipa. Kiwanja cha chini karibu na katikati ya mji kinavutia kwa ukaribu, lakini furiko moja hufuta akiba ya miaka kumi. Kilimani nako kuna korongo na maporomoko ya udongo. Ardhi inayofaa ni ya mteremko mdogo, juu ya alama ya maji ya 2024, isiyo mbali kwa mguu. Ardhi ya namna hiyo haipatikani kwa mtu mmoja mmoja.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inaiweka ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya Dola, na watu hupewa haki ya kuitumia. Mwanafunzi au mzazi anayejenga kijumba kwenye kiwanja cha mwingine bila hati hana kitu siku mwenye kiwanja akibadili nia. Chuo, kanisa au manispaa vinaweza kupata hati. Hii ni sababu nyingine inayofanya kijumba cha mtu mmoja kuwa dhaifu na kijiji kidogo cha vyumba kuwa imara.

Malipo: pale unafuu unapopotelea

Tuchukue mfano wa hesabu tu, bila kutaja sarafu. Chumba A ni 10 kwa mwezi na garanti ya miezi sita. Chumba B ni 15 kwa mwezi na garanti ya mwezi mmoja. Kuingia A, pamoja na mwezi wa kwanza, kunahitaji 70. Kuingia B kunahitaji 30. Mzazi asiye na akiba atachukua B na kulipa zaidi mwaka mzima, ingawa A ndicho kinachoitwa cha bei nafuu. Kwa watu ambao fedha huja baada ya mavuno au samaki, kizingiti cha kuingia kina uzito kuliko kodi ya mwezi.

Kijumba kisichogusa jambo hili hakijatatua kitu. Vyumba vilivyojengwa kwenye ardhi ya chuo au kanisa vinaweza kukodishwa kwa mkataba wa maandishi, garanti ya mwezi mmoja, na malipo kwa mafungu yanayofuata msimu. Wazazi wa eneo moja nao wanaweza kudhaminiana. Likelemba, mchango wa kupokezana, inajulikana kila kona ya Kongo. Wazazi wa Kiambi na vijiji vyake wakiweka mfuko wa garanti kwa mzunguko, anayehitimu huacha dhamana yake kwa anayeingia.

Mwenye nyumba wa mtaani asiachwe nje. Akipewa orodha ya masharti machache (linta, choo, tundu la hewa, mlango wa kufunga), na chuo kikaahidi kumpelekea wapangaji, ana sababu ya kujenga vizuri. Njia hiyo huongeza vyumba haraka kuliko ujenzi wowote mpya.

Muhtasari

Misimamo yote minne ina sehemu ya ukweli, na kila mmoja unakosea pale unapotaka kusimama peke yake. Kontena ni la haraka, lakini kwa Kalemie ni ghali kulifikisha na kulikalia. Bweni lina gharama ndogo kwa kila kitanda, ila linadai mtaji ambao chuo cha mkoa hukaa muda mrefu bila kuupata, na linaweka wanafunzi wote chini ya uamuzi mmoja. Soko lina kasi, lakini garanti na vyoo vyake vinawaumiza wanaotoka mbali. Kijumba kilichojitenga kina faragha na hujengwa kidogo kidogo, lakini kinapoteza hadi robo ya ukuta na karibu robo ya bati, na hakina ardhi ya uhakika.

Kinachopendekezwa hapa kinachukua mazuri ya kila upande: safu fupi za vyumba vinne vya mita 9 za mraba, kila mwanafunzi na mlango wake, vya matofali ya kushindiliwa na linta, vyenye baraza ya kupikia, choo na tangi la pamoja, juu ya ardhi ya taasisi isiyofikiwa na ziwa, kwa mkataba wa garanti ndogo. Safu moja inaweza kujengwa kwa fedha za mwaka mmoja, na ya pili ikafuata. Sambamba nayo, vyumba vya mitaani viwekewe masharti na vipewe wapangaji.

Chuo kilisogezwa hadi Kalemie ili kijana wa Tanganyika asilazimike kwenda Lubumbashi. Kazi hiyo haijakamilika mpaka yule wa Kiambi apate mahali pa kulala anapoweza kupalipia na kupasomea. Mkoa, chuo, makanisa na wazazi wanapokaa mezani, wasianze kwa kuuliza chumba kiwe kidogo kiasi gani. Waanze na ardhi ya nani, choo cha nani, na garanti ya miezi mingapi.